Kimeng'enya Hakifi Nusu

SWALI: Nafanya kazi maabara, Morogoro. Katika taarifa ya kujaribu dawa tumeandika: "Dawa iliua kimeng'enya kwa asilimia 50." Mwenzangu amelikataa neno "iliua" ila hana la kuweka mahali pake. Halafu, hicho kinachokizuia kimeng'enya tukiite kizuizi au kizuia?

JIBU: Nianze na la pili, maana ni jepesi. Tuna kipaza sauti, kinasa sauti na kifyonza vumbi, kwa hiyo kizuia kimeng'enya kina ndugu zake tayari. Kizuizi kwangu ni gogo lililolazwa barabarani askari wakague magari. Lakini wanafunzi wamekwisha kufundishwa "kizuizi", wamekizoea, nami sitagombana na mtu kwa hilo.

Kwa "iliua" nitagombana. Nimelikuta magazetini, redioni, hata kwenye vijikaratasi vya dawa, na kila mara linanikera upya. Kimeng'enya hakina uhai wa kutolewa. Jina lake limetoka kwenye kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula tumboni, ingawa siku hizi tunaviita hivyo hata vile visivyovunja chakula. Ni protini inayoharakisha kazi ya kikemia, basi.

Chukua SP, dawa ya malaria ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2001 badala ya klorokwini. Pirimethamini iliyomo ndani yake hukikalia kimeng'enya cha kimelea cha malaria kinachoshughulikia foleti, vitamini ya kundi B. Nasema hukikalia kwa makusudi: inaketi kwenye kiti cha foleti, na mwenye kiti akifika anakuta pamejaa. Kimeng'enya kipo palepale, kizima, umbo lake lilelile, ila hakipati kazi. Kimelea kikikosa foleti iliyo tayari hakiwezi kutengeneza DNA, hakigawanyiki, kinakufa. Aliyekufa hapo ni kimelea.

Sasa njoo kwenye mashine yenu ya kupimia mwanga. Tuseme mnaweka kimeng'enya hicho, foleti yake na NADPH, kemikali ambayo kimeng'enya huitumia kikifanya kazi, kwenye kichupa, mnapitisha mwanga wa urujuanimno wa nanomita 340. NADPH huumeza mwanga huo, na kadiri inavyotumika ndivyo mwanga unaomezwa unavyopungua. Mnachokisoma ni kasi ya upungufu huo. Mkitia dawa, kasi inashuka. Ikishuka hadi nusu, hapo ndipo penye asilimia 50 yenu. Ni kasi iliyopungua! Utaniambia labda nusu ya vimeng'enya ndiyo iliyokufa. Sivyo. Dawa ya namna hii inaketi na kuinuka, inaketi na kuinuka. Kimeng'enya kilichokaliwa sasa hivi, punde kitakuwa huru, na cha jirani yake kitakaliwa. Mkiongeza foleti, wenye kiti wanakuwa wengi kuliko wavamizi, na kasi inapanda tena. Maiti gani huyo anayerudi kazini kwa kuongezewa kazi?

Tena "kuua" linawaharibia kazi yenu wenyewe. Katika majaribio kama haya mara nyingi huwekwa kichupa cha kulinganishia chenye kimeng'enya kilichochemshwa. Hicho kimeharibika kweli, kama ute wa yai ulioganda kikaangoni: ukiupoza haurudi kuwa ute. Ukiandika "kiliuawa" kwa kilichochemshwa na "kiliuawa" kwa kilichokaliwa, msomaji wa taarifa atajuaje kipi kingeweza kuamka? Kwa cha kwanza andika "kiliharibiwa". Cha pili "kilizuiwa". Na kwa aspirini, ambayo hubandika kipande chake kwenye kimeng'enya kisibanduke tena, andika "kilizuiwa kwa kudumu". Hata hapo hakuna mauaji.

Sentensi yenu basi iwe hivi: "Dawa ilipunguza utendaji wa kimeng'enya kwa asilimia 50." Palepale mtaje na ukolezi wa dawa uliotosha kufanya hivyo, maana bila huo hiyo 50 haimwambii mtu kitu. Na mwenzako mwambie alikuwa sahihi kukataa.