Fundi, hii SLK itanifaa Mtwara?

SWALI: Shikamoo fundi. Msimu wa korosho umenikubali. Mtandaoni nimeona Mercedes-Benz SLK 200 ya mwaka 2006, iko Japani, nyekundu, paa linajikunja lenyewe. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa. Naishi Shangani, ila kazi zangu ziko Nanyamba na Tandahimba. Ninunue?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkeo hajakosea sana.

Gari hilo watu wamelipendea paa, na kweli linastahili. SLK ya kwanza ilitoka 1996. Hiyo yako ni toleo la pili, lililoanza 2004. Unabonyeza swichi, bati lote linajikunja na kulala kwenye buti kwa sekunde 22 hivi. Likifungwa, AC inashika na masika hayakuhusu, tofauti na turubai ambalo kibaka hulichana kwa wembe. Injini ya lita 1.8 ina kompresa, yaani pampu inayoisukumia hewa zaidi (si ile ya AC), na nguvu ya farasi 163. Kwa gari la watu wawili inatosha, kona za Mikindani utazifurahia. Nyingine zina kipulizo cha joto shingoni, ndani ya kiti, kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Hicho utakilipia ushuru ukizime milele.

Sasa, paa hilohilo ndilo litakalokuleta kwangu. Linasukumwa na mafuta ya haidroliki, na silinda zikizeeka huvuja. Kwa hewa ya chumvi ya Shangani, plagi za umeme huota kutu. Usiegeshe chini ya mwembe: majani huziba mifereji, maji yakaingia ndani. Raba za paa zipake mafuta ya silikoni, grisi ya kawaida huziharibu. Na kabla hujasema paa limekufa, tazama pazia la ndani ya buti; lisipovutwa likafungwa, paa haliendi popote. Mafundi wengine hukimbilia kufungua pampu bure.

Mwambie muuzaji akutumie video ya injini ikiwashwa ya baridi. Ikikwaruza sekunde za mwanzo, shuku cheni ya taimingi. Wakikushawishi uchukue SLK 280 au 350 za miaka hiyo, kataa. Baadhi yake gia ya shafti ya mizani, ile inayotuliza mtetemo wa injini, hulika mapema, na kuifikia lazima injini ishushwe. Ishushwe Mtwara, spea zisubiriwe kutoka Dar! Mwaka 2024 mvua zilipokata barabara pale Somanga, hata basi la kuzileta halikupita.

Kinachonitisha zaidi ni Tandahimba. Gari liko chini, matuta yetu unayajua. Paa likiwa limekunjwa, buti halimezi hata gunia moja la korosho. Stepni nayo hakuna, unapewa dawa ya kuziba na pampu ndogo. Tairi likichanika ubavuni, dawa hiyo haina kazi.

Kama tayari una pikapu ya shamba, agiza, umtembeze mkeo Jumapili. Kama ndilo gari pekee, achana nalo. Na watoto, kama mnao, mtawakalisha wapi?