Maswali na majibu: ngome, magereza na ukuta wa nyumba yako

Kwa nini kuta za Fort Jesus, ile ngome ya Wareno kule Mombasa, zina makona makona vile, si wangejenga minara ya duara tu?

Mnara wa duara una ubaya mmoja, pale chini kabisa mbele yake mlinzi aliye juu hapaoni mpaka atoe kichwa nje, na akitoa kichwa kashapigwa. Adui akifika hapo anachimba msingi kwa raha zake. Mizinga ilipozidi nguvu ndo wajenzi wa Italia wakaja na bastioni, ile kona nene yenye ncha inayochomoza nje, sasa mlinzi wa kona hii analinda ukuta wa mwenzake na mwenzake anamlindia wake, hakibaki kipande cha ukuta kisichoonekana. Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno, aliichora hivyo na ujenzi ukaanza 1593. Ukienda usiishie kupiga selfi na mizinga, simama kwenye bastioni moja uangalie ukuta unavyokwenda mpaka bastioni ya pili, utaelewa hapohapo.

Kama ilikuwa imara hivyo mbona ilitekwa?

Ilitekwa kwa njia ambazo ukuta hauna dawa nazo. 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, ambaye Wareno wenyewe walimlea Goa, koloni lao huko India, na kumbatiza, aliingia ndani na watu wake kama mtu anayejulikana, wakamuua kapteni humohumo. Halafu Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, na waliokuwa ndani wakamalizwa na njaa na maradhi, walipobaki wachache sana ndo Waomani wakapanda ukuta. Na jamani, mle ndani hawakuwa Wareno peke yao, walikuwemo Waswahili waliokuwa upande wao, wanaume kwa wanawake, kuna wakati hao ndo waliishikilia ngome yenyewe. Inaniuma sana wanavyoachwa kila hadithi hii inaposimuliwa.

Eti kuna gereza ambalo askari mmoja anawaona wafungwa wote, kweli?

Kweli. Wazo ni la Mwingereza Jeremy Bentham, mwishoni mwa karne ya 18. Vyumba vinapangwa duara, mnara unakaa katikati, dirisha la nyuma ya kila chumba linammulika mfungwa ila aliye mnarani haonekani. Mfungwa hajui anaangaliwa saa ngapi basi anajichunga muda wote, hata kama kule juu hakuna mtu. Bentham mwenyewe hakufanikiwa kulijenga lakini Cuba walijenga Presidio Modelo miaka ya 1920, majengo ya duara ya ghorofa tano, Fidel Castro alifungwa kwenye gereza hilo 1953 mpaka 1955. Mimi naliona ni jengo katili hata kabla askari hajainua rungu.

Huku kwetu Waingereza hawakujisumbua na duara, 1895 waliigeuza Fort Jesus kuwa jela na ikabaki jela mpaka 1958.

Najenga Kigamboni, fundi anataka ukuta wa futi 10, kamera, na grili kila dirisha. Nikubali?

Kamera sawa. Ukuta wa futi 10 mbele hapana, mwizi akisharuka huo ukuta unamficha yeye, jirani haoni, mpita njia haoni, unabaki na kamera yako inayorekodi ukiwa umelala. Angalia nyumba za zamani za Lamu, mbele kuna daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, lenye baraza za mawe, watu wanakaa pale wanamwona kila anayepita, lakini ukishavuka mlango njia inakata kona kabla hujafika uwanja wa ndani, kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi, watu wa nje hawaoni walio ndani. Faragha ipo na macho ya mtaa yapo. Kwa hiyo mbele jenga ukuta wa kifuani tu, juu yake weka nondo zinazopitisha macho, ule mrefu upeleke nyuma na pembeni, na baraza likabili barabara.

Grili weka, ila kila chumba cha kulala iwepo moja inayofunguka kwa ndani, funguo itundikwe mahali hata mtoto anapajua, moto ukianzia jikoni usiku hamtakuwa na muda wa kutafuta msumeno. Fundi akilalamika gharama mwambie ni bawaba mbili na komeo, aweke.