Kwa vijana wa Mwanza mnaotaka urubani wa jeshi: jeshi linatafuta askari kwanza

Wakuu salaam. Dogo aliyeleta uzi huu yuko kidato cha tatu hapa Ilemela. Anasema ndege ya jeshi ikipita juu ya shule, mwalimu hunyamaza hadi kelele ziishe, na yeye hubaki anaangalia dirishani. Ameuliza mambo matatu: asome kombi gani, je miwani itamkwamisha, na je ni kweli kwamba bila "mtu" jeshini hupati. Mpaka sasa amejibiwa "soma sana dogo" na "sahau, hiyo ni ya watoto wa wakubwa". Majibu yote mawili hayamfikishi popote.

Nilikuwa fundi wa ndege jeshini hadi nikastaafu. Sijawahi kuwa rubani, ila nimewafunga mikanda marubani wengi kabla hawajaruka na kuwasikiliza wakishuka. Ya kambini yatabaki kambini. Haya ninayoandika hayana siri yoyote.

Dogo, shika hili kabla ya mengine yote: hakuna dirisha la kuomba urubani wa jeshi, kuna dirisha la kuomba jeshi. Ukimaliza kidato cha sita unaweza kuitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, ule mpango uliosimama 1994 ukarudishwa 2013, au unaomba kwenda kwa kujitolea kupitia wilaya au mkoa wako. Vijana wengi wa kanda yetu wameonja kambi za JKT za Rwamkoma kule Mara au Msange kule Tabora. JWTZ, yaani jeshi lenyewe la ulinzi, ikitangaza kuandikisha, inawaangalia kwanza waliopita JKT. Hapo unakuwa kuruti, unapigwa depo, yaani mafunzo ya awali, unajifunza kwata na silaha na kulala saa chache. Anayeonekana anafaa kuwa afisa anapelekwa chuo cha maafisa Monduli, anatoka na nyota moja ya Luteni Usu. Kamandi ya Jeshi la Anga nayo inachuja watu wake, inawapima tena upya, na wanaofaa wanapelekwa kujifunza kuruka, ndani au nje ya nchi, kadiri jeshi lilivyopanga. Tangu miaka ya mwanzo jeshi letu limejifunza kwa watu tofauti. Wajerumani wa Magharibi walianza nasi wakaondoka 1965, Wakanada wakaja na ndege zao za usafirishaji, Otter na Caribou, kisha Wachina wakatufikisha kwenye ndege za kivita. Kwa hiyo usishangae ukipelekwa nchi ambayo lugha yake hujawahi kuisikia.

Ngazi zote hizo unapanda kwa amri ya mtu mwingine. Jeshi likiona unafaa zaidi mawasiliano, uhandisi au mizinga, unapiga saluti na kwenda. Jiulize sasa hivi, ukiwa bado una kaptula ya shule: nikipewa kikosi cha miguu mpakani, nitakuwa mwanajeshi mzuri au nitakuwa mtu mwenye kinyongo? Kama jibu ni kinyongo, unachotaka ni kuruka tu, na kuruka kuna njia ya kiraia. Leseni za TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, zina masharti yanayojulikana: unaweza kupata leseni ya rubani binafsi ukiwa na miaka 17 na ya biashara ukiwa na 18, na kwa hiyo ya biashara upite kipimo cha afya cha daraja la kwanza, na uwe na saa za kutosha angani, kama 200 hivi. Tatizo la njia hiyo ni hela, tena hela ndefu sana. Jeshini hulipii mafunzo, unayalipa kwa utumishi.

Sasa kombi. PCM (fizikia, kemia, hesabu) au PGM (fizikia, jiografia, hesabu), na hapo sina mjadala mrefu. Wengi wanafikiri hesabu zinatakiwa ili cheti kipendeze. Hapana. Rubani anapiga hesabu kichwani huku mikono yake ina kazi nyingine. Chukua safari ya Mwanza kwenda Bukoba. Moja kwa moja juu ya ziwa ni kama kilomita 175, ambazo ni kama maili 94 za baharini, na mwelekeo ni kaskazini-magharibi, karibu nyuzi 315. Ndege inayokwenda noti 240, yaani maili 240 za baharini kwa saa, inakata maili nne kila dakika. Haya, utafika baada ya dakika ngapi? Ukihitaji kalamu, bado. Halafu kuna kanuni ambayo marubani wote wanaijua: ukikosea mwelekeo kwa nyuzi moja, kila maili 60 unakuwa umetoka njiani maili moja. Nyuzi tano mpaka Bukoba ni karibu maili nane. Mawingu yakiwa chini, maili nane ni nyingi mno.

Kosa dogo kwenye kasi kubwa si dogo. Wazee wa hapa mjini wanaikumbuka Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilipotumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Saanane ni pale tu, ukiwa Capri Point unakiona. Ndege inayokwenda kilomita 1,080 kwa saa inapita mita 300 kila sekunde moja. Hesabu mwenyewe kuchelewa sekunde tatu ni umbali gani.

Nakupa zoezi la bure. Tafuta kwenye simu taarifa ya hali ya hewa ya viwanja vya ndege, ile marubani wanayosoma. Kiwanja chetu kinaitwa HTMW. Utakuta mstari wa namna hii: HTMW 141200Z 32010KT 9999 FEW025 28/18 Q1017. Tarehe 14, saa 12:00 ya kimataifa, yaani saa tisa alasiri kwetu. Upepo unatoka nyuzi 320 kwa noti 10. Unaona kilomita kumi au zaidi. Mawingu machache kwenye futi 2,500, joto 28, kiwango cha umande 18, na mwisho shinikizo la hewa. Sasa fikiri: kwa nini alasiri upepo unatoka nyuzi 320? Kwa sababu nchi kavu imepata moto kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, na ya ziwani inaingia kuziba pengo. Usiku inageuka. Wavuvi wa Igombe wanalijua hilo bila kusoma fizikia, wewe lijue kwa njia zote mbili. Kisha njia ya kurukia ya Mwanza imelala 12/30, maana yake nyuzi 120 upande mmoja na 300 upande wa pili. Upepo wa 320 unakupiga usoni ukitua kwenye 30, lakini si sawasawa, umepinda nyuzi 20. Sine ya 20 ni 0.34, kwa hiyo noti 3.4 zinakusukuma ubavuni. Hiyo ni trigonometria yenu ya darasani. Ukifanya zoezi hili kila siku kwa muhula mmoja, utakuwa mbali na wenzako.

Kingine cha hapa kwetu: kiwanja cha Mwanza kipo karibu mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Dar, na jua la mchana likiipasha inazidi kuwa nyepesi. Injini inapata hewa kidogo, mabawa nayo yanapata kidogo cha kushika, kwa hiyo ndege ileile yenye mzigo uleule inakimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Ukiulizwa kwenye usaili kwa nini, usiseme "kwa sababu ya joto" ukanyamaza. Eleza hadi mwisho.

Na Kiingereza. Mnakipuuza sana. Mawasiliano ya angani ya kimataifa ni Kiingereza, redio inakwaruza, na anayeongea na wewe ana lafudhi ya kwao. Sikiliza zaidi kuliko unavyoandika.

Mwili sasa. Dogo ameuliza miwani. Kwa rubani wa kiraia miwani haina shida kubwa mradi uone vizuri ukiivaa. Kwa ndege za kivita majeshi huwa wakali zaidi, na wa kuamua ni daktari wa jeshi siku hiyo, si mimi wala mtu yeyote humu. Kapime macho sasa, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, ujue ulipo. Na umwambie anayekupima akupime uwezo wa kuona rangi pia. Atakufungulia kitabu chenye duara za vidoa, ndani yake kuna namba. Asiyetofautisha nyekundu na kijani haioni namba, na hii inawapata wavulana kuliko wasichana, tena wengi wanaishi nayo bila kujua. Umuhimu wake ni huu: redio ikifa, mnara wa kuongozea ndege unakumulikia taa. Kijani isiyopepesa, tua. Nyekundu isiyopepesa, mpishe mwenzako na uendelee kuzunguka. Ukizichanganya hizo mbili, msamaha hauna kazi. Upofu wa rangi wa kuzaliwa hautibiki, kwa hiyo bora kujua ukiwa na miaka 16 kuliko baada ya kukata miaka sita ukingoja.

Sisi wa kanda ya ziwa tuna mambo yetu mawili. La kwanza ni selimundu, yaani sikoseli. Huku kwetu watu wengi wamerithi kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja, kwa sababu kilitukinga na malaria kali. Mwenye cha mzazi mmoja kwa kawaida haugui, anacheza mpira na kulima bila shida. Lakini juu sana, ambako oksijeni ni chache, mwili wake unaweza kusumbuka, ndiyo maana madaktari wa anga wanataka kujua. Kipimo ni cha damu. La pili ni kichocho. Mnaoga ziwani, mnavua, mnachota maji, halafu siku ya vipimo mkojo au choo kinasema ukweli. Hiki kinatibika kwa dawa, meza mapema. Hapo kuna kichekesho kidogo, kwa sababu nakushauri pia ujue kuogelea vizuri, na sehemu yetu ya kuogelea ndiyo hiyohiyo yenye konokono wanaoeneza kichocho. Ukipata bwawa la kuogelea lililojengwa, tumia hilo.

Meno nayo. Jino lililotoboka linaweza kuwa kimya chini, ukipanda juu hewa iliyonaswa ndani inatanuka na maumivu yake ni ya kulia. Nimemwona mtu mzima, afande kamili, ameshuka kwenye ndege ameshika shavu, hasemeshwi. Mafua vilevile, masikio yanaziba na wakati wa kushuka yanauma vibaya. Rubani mwenye mafua haruki, hata awe hodari vipi.

Kuhusu mazoezi, vijana wanakimbilia kunyanyua vyuma wapate kifua. Kwenye ndege ya kivita inayokata kona kali, uzito wako unazidishwa. Mwenye kilo 70 kwenye G tano, yaani uzito mara tano, anajisikia kilo 350, na damu inakimbilia miguuni. Macho yanaanza kuona kijivu, kisha giza, kisha unazimia. Rubani anapambana kwa kukaza mapaja, matako na tumbo, na kubana pumzi, akiibadilisha kwa haraka kila baada ya sekunde kama tatu, akisaidiwa na suruali maalumu inayojaa hewa na kumbana miguu. Kwa hiyo piga squati na mazoezi ya tumbo, na panda vilima vya Bugando kwa miguu badala ya bodaboda. Usichore tatuu. Bangi usiguse, hata mara moja ya kujaribu.

Makaratasi yameangusha vijana wengi kuliko hesabu. Wasukuma tunajua tabia yetu: mtoto anaandikishwa shule kwa jina la babu, cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, na NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wameandika Lusinge mahali penye Lushinge. Kaa na mzazi wako jioni moja, tandaza vyeti vyote mezani, linganisha herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Penye tofauti anzeni kurekebisha sasa, kabla ya cheti cha kidato cha nne. Tangazo la ajira likitoka linatoa siku chache, wakati kurekebisha jina si kazi ya siku chache.

Nimalizie la "mtu". Siwezi kukuapia kwamba nchi hii hakuna aliyewahi kubebwa. Ila mjomba wako hawezi kukusomea namba kwenye vidoa, na mwalimu wa kurusha ndege anakaa ndani ya ndege ileile na mwanafunzi, hana sababu ya kumpitisha atakayemuua. Kinachonikera ni matapeli wanaolitumia neno hilo. Kila tangazo likitoka wanaibuka: "nina kanali wangu, toa laki tano za fomu." Jirani yangu Pasiansi aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya kanali wa namna hiyo, na kanali akazima simu. Nafasi za jeshi haziuzwi. Anayekuomba hela, hifadhi ujumbe wake na namba yake, peleka polisi.

Binti wa Buswelu aliyeuliza kama wasichana wanachukuliwa: ndiyo, Monduli wanatoka na nyota kila mwaka. Urefu wa mwili na wa miguu utapimwa, kwa sababu kiti na pedali za ndege vina vipimo vyake, lakini hilo linawahusu na wavulana. Mwenye swali la ufundi wa ndege aniulize hapa, hilo ndilo nalijua zaidi kuliko yote niliyoandika.