Ukitaka nanosilika, usianze na kiberiti

Nilipoanza kutengeneza nanosilika, yaani chembe ndogo mno za silika (kitu kile kile kinachounda mchanga), kutokana na pumba za mpunga, nilijiona mjanja. Nilikwenda kwa mafundi matofali nje kidogo ya mji wa Morogoro, nikajaza kiroba cha majivu ya tanuri lao, bure, nikarudi maabara nikicheka. Ya nini kuchoma mwenyewe wakati wenzangu wameshachoma?

Majivu yale yalinitesa wiki tatu. Niliyachemsha na kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, lakini sehemu kubwa ikabaki chini ya bika kama mchanga. Maji niliyochuja yalikuwa na rangi ya chai kavu. Fundi wetu wa maabara, mzee asiye na maneno mengi, akayafikicha majivu kwa vidole: "Mwanangu, haya yameungua yakapitiliza."

Ukichoma kilo moja ya pumba, unabaki na takriban gramu 200 za majivu, na sehemu kubwa ya hayo ni silika ambayo mpunga uliinyonya ardhini kupitia mizizi. Imeshakuwa laini tayari. Kazi yako ni kutoiharibu. Moto ukipita sana nyuzi 800 huigeuza fuwele, yaani punje ngumu zilizojipanga kwa mpangilio, kostiki ikashindwa kuiyeyusha vizuri, na vumbi lake ni adui wa mapafu. Vaa barakoa, tafadhali.

Halafu kuna potasiamu. Hiyo huyeyuka motoni ikafunika mkaa ndani ya silika, ndiyo maana majivu hubaki meusi hata ukichoma kutwa. Kwa hiyo kwanza chemsha pumba kama saa moja kwenye asidi hidrokloriki iliyozimuliwa (asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi), suuza mpaka asidi yote iishe, anika, ndipo uchome kwa nyuzi 600 hadi 700. Siku nilipofungua tanuri nikakuta majivu meupe kama unga wa muhogo, nilidhani kuna mtu kanibadilishia kikombe.

Kuanzia hapo kostiki inayeyusha bila ubishi. Chuja, dondoshea asidi taratibu huku unakoroga, na rojo litajitokeza. Wengi huharakisha kulikausha. Lioshe kwanza, tena na tena, maana limejaa chumvi: tone la nitrati ya fedha likitia ukungu mweupe kwenye maji ya suuzo, bado. Suuzo la mwisho tumia ethanoli. Maji yanapokauka huzivuta chembe zikashikana, ukaishia na mabonge magumu ya kutwanga kwenye kinu.

Na pumba zenyewe chukua pale zinapotoka kwenye mashine ya kukoboa, si kwenye lundo la nje. Lundo lile lina mchanga, na mchanga nao ni silika: utaupima pamoja na majivu yako, utapata asilimia nzuri mno, na utafurahi bure.