Maswali ya Wasomaji: Kistari Kimoja, Kazi Mbili

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mwanangu yuko darasa la sita. Juzi aliandika kwamba −3 − 5 = 8, na nilipomuuliza akanijibu kuwa hasi mbili hufanya chanya. Hesabu iliyofuata ilikuwa 2 − (−3), naye akaandika −1. Mimi nauza vitenge sokoni, na habari za deni nazijua vizuri, lakini nilishindwa kumweleza kwa nini ukitoa namba hasi jibu linaongezeka. Nimfundisheje? Na je, nimwache atumie kikokotoo?
Mama wa mwanafunzi, Kasese

JIBU: Mama, asante kwa kutuletea hesabu zenyewe kama mtoto alivyoziandika, kwa sababu kosa lililoandikwa humwonyesha mwalimu mahali mtoto alipopotea. Makosa haya mawili yametoka kwenye shina moja, yaani kile kistari kifupi kinachofanya kazi mbili. Mara kinamwagiza mtoto atoe, mara kinamwambia kwamba namba inayofuata iko chini ya sifuri. Darasani watoto wengi huziita kazi zote mbili "mainasi", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kiswahili kimetupa maneno mawili tofauti, basi tuyatumie. Mwambie asome −3 − 5 kwa sauti: "hasi tatu, toa tano." Akisoma hivyo atasikia mwenyewe kwamba katika hesabu hiyo namba hasi ni moja tu. Tano ni chanya, na kistari kilicho mbele yake ni agizo la kutoa. Kwa lugha ya sokoni, una deni la shilingi 3,000, kisha unachukua mzigo mwingine wa shilingi 5,000 bila kulipa. Deni limefika 8,000, kwa hiyo jibu ni −8.

Ile kanuni ya "hasi mbili hufanya chanya" ni ya kuzidisha, na hufaa pia pale alama ya kutoa inapokutana ana kwa ana na namba hasi. Mtoto anayeikariri bila kujua mahali pake huitumia kila anapoona vistari viwili. Mimi nisingemfundisha kanuni hiyo kabisa mpaka aweze kufika kwenye jibu bila kuitegemea.

Hesabu ya pili ni ngumu zaidi, na inafaa tukae nayo. "Mbili, toa hasi tatu." Una shilingi 2,000 mkononi, nawe unaambiwa uondoe deni la shilingi 3,000. Mtoto mwerevu atakuuliza: deni lipi, wakati sidaiwi na mtu? Swali lake ni la haki, na ndipo wengi wanaofundisha kwa mfano wa deni wanapokwama. Mjibu hivi: kopa shilingi 3,000 kwa jirani. Sasa una 5,000 mkononi na deni la 3,000, lakini mali yako halisi bado ni 2,000 ileile, maana fedha uliyoongeza na deni uliloongeza vinafutana. Kisha jirani anasema, "Nimekusamehe." Deni limeondolewa, na mkononi zimebaki 5,000. Kwa hiyo 2 − (−3) = 5.

Ili ayaone hayo kwa macho, kusanyeni vizibo vya soda vya rangi mbili, tuseme vyekundu viwe chanya na vyeusi viwe hasi. Chekundu kimoja na cheusi kimoja ni sifuri, kwa hiyo jozi kama hiyo inaweza kuwekwa mezani au kuondolewa wakati wowote bila kubadili hesabu. Kwa −7 + 4, aweke vyeusi saba na vyekundu vinne, aondoe jozi nne, na vitabaki vyeusi vitatu, yaani −3. Kwa 2 − (−3), aweke vyekundu viwili, aongeze jozi tatu za sifuri, kisha aondoe vyeusi vitatu. Atahesabu vyekundu vitano. Wachina wa kale walihesabu kwa vijiti kwa namna hiyohiyo, vyekundu vikiwa chanya na vyeusi hasi, kinyume cha wahasibu wetu wanaoandika hasara kwa wino mwekundu. Naye Brahmagupta, mwanahisabati wa India, alipoandika kanuni za namba hizi mwaka 628, alizieleza kwa mali na deni, kwa hiyo ujuzi wako wa sokoni una historia ndefu katika somo hili.

Akishaelewa deni, mwonyeshe pia urefu, kwa kuwa si kila namba hasi ni deni. Milima ya Rwenzori mnaitazama kutoka hapo Kasese, na kilele chake cha Margherita kiko mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Assal la Jibuti liko mita 155 chini ya usawa huo, yaani −155. Kutoka ziwani hadi usawa wa bahari ni mita 155, na kutoka hapo hadi kileleni ni mita 5,109, kwa hiyo tofauti ni 5,109 − (−155) = 5,264. Hakuna atakayedai kwamba umbali huo ni mdogo kuliko urefu wa mlima wenyewe, na jibu la −1 la mwanao lilikuwa kosa la aina hiyo.

Kuhusu kikokotoo, mruhusu, lakini baada ya kuandika jibu lake kwanza. Mkipata kile cha kisayansi, mwonyeshe kwamba vingi kati ya hivyo vina kitufe cha kutoa na kingine tofauti chenye alama (−) cha kuandikia namba hasi, kisha muulize ni kipi atakachobonyeza kwanza katika −3 − 5.