Kipele kwenye fizi ya jino lililotibiwa

Gego langu la juu, upande wa kulia, lilitibiwa mzizi, yaani neva ya ndani ilitolewa na mifereji yake ikazibwa, likatulia miaka minne. Daktari aliniambia nirudi kulivalisha kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulilinda. Sikurudi, kwa sababu hela ilienda kwenye ada za watoto. Kisha asubuhi moja nikipiga mswaki nikagusa kipele kwenye fizi, juu ya jino lile lile. Hakikuuma. Nilipokibonyeza kikatoa majimaji ya chumvichumvi yenye harufu mbaya.

Jino likishatolewa neva halishtuki tena kwa maji baridi wala chai ya moto, ndiyo maana unalisahau. Lakini mfupa na nyama zilizolishika bado ni hai. Bakteria wakipenya pale jino lilipozibwa, au wakibaki kwenye mfereji mwembamba ambao haukufikiwa (gego la juu linaweza kuwa na mifereji minne), usaha hujikusanya kwenye ncha ya mzizi na kutafuta njia ya kutokea. Kipele ndiyo njia yenyewe. Kikipasuka unapata nafuu kwa sababu usaha umepungua, na chanzo kinabaki kule ndani.

Mimi nilikimbilia duka la dawa. Nikameza amoksilini na metronidazo, dawa za kuua bakteria, siku tatu, nikaacha nilipoona uvimbe umeshuka. Kikarudi. Nikanunua tena. Baadaye nilieleweshwa kwamba dawa husafiri na damu, na ndani ya mzizi uliokufa damu haifiki, kwa hiyo hata ningemaliza dozi jino lingehitaji kufunguliwa na kusafishwa.

Mara ya tatu ilinikuta kisiwani Ukerewe, msibani. Usiku shavu lilivimba hadi jicho likaanza kufumba. Mama mdogo aliponiona akasema, "Mwanangu, ngoja nilete sindano tutoboe." Nikamwambia, "Hapana mama, nichemshie maji ya chumvi nisukutue." Nashukuru alinisikiliza, maana kutoboa nyumbani kungeweza kuongeza maambukizi. Ila maji ya chumvi hutuliza tu. Nililala nikisubiri meli ya asubuhi ya Mwanza, na hilo ndilo kosa ninaloliogopa hadi leo: nilipaswa kwenda hospitali pale pale Nansio usiku ule. Uvimbe ukielekea jichoni au ukishuka shingoni, ukipata homa, mdomo ukashindwa kufunguka, mate yakakataa kumezeka au pumzi ikawa nzito, usisubiri meli, usisubiri kuche. Maambukizi ya jino yanaua.

Mjini nilipigwa eksirei. Daktari akanionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, mahali mfupa ulipokuwa umeliwa. Alitoa usaha kwanza, kisha akanieleza: mzizi unaweza kusafishwa upya, ncha yake inaweza kukatwa kwa upasuaji mdogo, au jino ling'olewe, hasa mzizi ukiwa umepasuka. Wangu ulikuwa mzima, tukausafisha upya kwa awamu kadhaa.

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, ukiona kipele kama hicho nenda kwa daktari wa meno kabla hujapanda meli ya kisiwani, hata kama hakiumi. Mwambie jino lilitibiwa lini, na kama una picha ya zamani ibebe, azilinganishe. Akikuambia urudi kuvalishwa kofia, anza kuiwekea akiba siku hiyo hiyo. Yangu niliivaa mwezi uliofuata.