Mhaini mwenye barabara: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia: imekuwaje mtu aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini apewe jina la barabara katikati ya Dar es Salaam, tena ile inayopita Mnazi Mmoja? Unasema mwenzako kazini ndiye aliyekutia wasiwasi.

Sisi shuleni tulikariri majina ya wanaume wa TANU, chama kilichopigania uhuru. Huyu Bibi Titi Mohamed nilimjua kwa simulizi za bibi yako. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Wakubwa wakatazamana. Ndipo akatafutwa Titi, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, awaingize wanawake chamani. Shule hakuwa nayo ya kutajika. Sauti alikuwa nayo, na watu. Vikundi vya ngoma vya mjini vilikuwa na viongozi wao, sare zao, michango yao na namna yao ya kupelekeana habari. Yeye akawaendea hao viongozi, na kila aliyekubali akaja na watu wake. Wapika pombe na wauza vitumbua hawakuwa na bosi wa kuwafukuza. Waume walioajiriwa serikalini walikatazwa siasa, basi mke ndiye aliyekata kadi ya TANU.

Uhuru ukaja, akawa mbunge, akawa waziri mdogo, na UWT, umoja wa wanawake, ilipoundwa 1962 yeye ndiye mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1965 akaangushwa ubunge Rufiji.

Kwangu mimi, kisa chenyewe kiko 1967. Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Titi hakukubali, akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Wengi wakamwona mchoyo, na hata leo utawasikia. Lakini mwanamke wa mjini asiye na cheti wala pensheni akiachika anashika nini? Nyumba. Mimi ada yangu ililipwa na kodi ya vyumba viwili vya uani kwa bibi yako, na mpangaji wa kile cha karibu na choo alikuwa msumbufu mwezi hadi mwezi. Azimio lilikuwa na nia njema, sibishi. Ila hapo nadhani Titi aliona kitu ambacho wenye mishahara hawakukiona.

Oktoba 1969 akakamatwa. Alishtakiwa na wenzake, akiwemo Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri, kwamba walipanga kuiangusha serikali. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa amekimbilia Uingereza, akatajwa kuwa kinara. Titi alikana. Mwaka 1971 akafungwa maisha, 1972 Rais, Mwalimu Nyerere, akamsamehe. Kusamehewa si kuambiwa hukukosa, na yeye aliishi na doa hilo miaka mingi, kimya, bila cheo. Hadi 1991, uhuru ulipotimiza miaka 30, gazeti la chama likamwita shujaa. Alifariki Novemba 2000, Johannesburg.

Kesi ile mimi siwezi kuihukumu upya nikiwa hapa Tanga. Mwambie tu huyo mwenzako kwamba barabara ile alipewa kwa kazi ya 1955, na kazi hiyo hakuna mahakama iliyowahi kuifuta.

Baba yako anauliza kama nazi zimefika zote. Dereva wa basi alituapia zimefika.

Mama yako